Kuchunguza Namba Kubwa: Uchague Njia Ipi ya Kupima Utasa na Ipi ya Kutafuta Vigawo?

Mtu anapopewa namba nzima yenye tarakimu nyingi na kutakiwa aeleze sifa zake, hukabiliwa na maswali mawili yanayofanana kwa sura lakini yaliyo mbali sana kwa gharama. Swali la kwanza ni kama namba hiyo ni tasa, yaani haigawanyiki bila baki isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe. La pili, ikiwa si tasa, ni vigawo vyake tasa ni vipi. Hapa nitazilinganisha njia zinazotumika kujibu kila swali, ili msomaji mwenye namba mkononi ajue aanze na ipi, aiache lini na ahamie wapi.

Umbali kati ya maswali hayo mawili si wa nadharia tu. Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alionyesha kwamba 2⁶⁷ − 1, yaani 147,573,952,589,676,412,927, si tasa, lakini hakutaja hata kigawo chake kimoja, kwa kuwa njia aliyoitumia hugundua kwamba vigawo vipo bila kusema ni vipi. Vigawo vyenyewe vilijulikana mwaka 1903, pale Mmarekani Frank Nelson Cole alipoonyesha kwamba namba hiyo ni zao la 193,707,721 na 761,838,257,287. Kwa hiyo kwa muda wa miaka 27 wanahisabati walikuwa na hakika kamili juu ya swali la kwanza huku la pili likiwa bado gizani. Anayeanza kuchagua njia bila kujiuliza kwanza ni swali lipi hasa analotaka lijibiwe atapoteza muda mwingi, kwa sababu atalipa gharama ya swali la pili ilhali alihitaji la kwanza tu.

Ni kweli pia kwamba sifa nyingine nyingi husubiri jibu la swali la pili. Chukua 1,000,009, namba nitakayoitumia mara kwa mara hapa. Ukishajua kwamba ni 293 × 3,413, na kwamba hizo mbili ni tasa, yaliyobaki ni hesabu fupi: namba hiyo ina vigawo vinne, jumla ya vigawo hivyo ni 294 × 3,414, yaani 1,003,716, na namba zilizo ndogo kuliko yenyewe zisizo na kigawo cha shirika nayo isipokuwa 1 ni 292 × 3,412, yaani 996,304. Bila vigawo, hakuna njia rahisi inayojulikana ya kufikia takwimu hizo namba inapokuwa kubwa kweli.

Kugawanya kwa zamu dhidi ya njia ya tofauti ya miraba

Njia kongwe kuliko zote ni kuigawanya namba kwa kila namba tasa kwa zamu, kuanzia 2, hadi kufikia kipeuo chake cha pili. Ikiwa hakuna kinachoigawanya mpaka hapo, namba ni tasa, na huo ni uthibitisho kamili usioacha shaka. Kabla ya kugawanya, vigezo vya haraka huondoa kazi kubwa. Jumla ya tarakimu huonyesha kama namba inagawanyika kwa 3 au 9. Kwa 7, 11 na 13 kuna kigezo kinachostahili kujulikana zaidi kuliko kinavyojulikana: kwa kuwa 7 × 11 × 13 ni 1,001, unaigawa namba katika mafungu ya tarakimu tatu tatu kutoka kulia, kisha unatoa na kujumlisha kwa kupishana, na jibu dogo unalopata ndilo unalolipima kwa hizo tatu. Kwa 1,000,009 mafungu ni 009, 000 na 1. 9 toa 0 jumlisha 1 ni 10, na 10 haigawanyiki kwa 7, 11 wala 13, kwa hiyo namba yetu pia haigawanyiki kwa hizo.

Baada ya hapo ni kugawanya tu. Kipeuo cha pili cha 1,000,009 kinazidi 1,000 kidogo sana, na namba tasa zilizo chini ya 1,000 ni 168. Kigawo cha kwanza, 293, ni namba tasa ya 62, kwa hiyo kazi inaisha kabla ya nusu ya safari. Hata hivyo gharama ya njia hii hukua haraka mno: kila unapoiongezea namba tarakimu mbili, mpaka wa kujaribu huwa mara kumi. Kwa namba iliyo karibu na trilioni moja, namba tasa za kujaribu ni 78,498, na kwa namba ya Cole ingebidi kupita zaidi ya milioni kumi kabla ya kukigusa kigawo cha kwanza. Kompyuta ya leo inaweza kuyafanya hayo bila taabu; kalamu na karatasi haviwezi.

Njia ya pili ilitolewa na Pierre de Fermat katika karne ya 17, na wazo lake ni zuri kwa wepesi wake. Ikiwa namba witiri inaweza kuandikwa kuwa tofauti ya miraba miwili, a² − b², basi vigawo vyake ni a − b na a + b. Unaanza na namba nzima ya kwanza inayozidi kipeuo cha pili, unaizidisha kwa yenyewe, unatoa namba unayoichunguza, na kuangalia kama kilichobaki ni mraba kamili. Kama sivyo, unapanda kwa moja na kurudia.

Ili kuziweka njia hizi mbili ubavu kwa ubavu, chukua 1,022,117 pamoja na 1,000,009. Kwa ukubwa zinakaribiana, na kwa macho hakuna anayeweza kusema ipi itakuwa ngumu. Kwa 1,022,117 hatua ya kwanza ya Fermat ni 1,011² toa namba yenyewe, na kinachobaki ni 4, ambayo ni mraba wa 2. Vigawo ni 1,009 na 1,013, na kazi imekwisha kwa hatua moja. Anayegawanya kwa zamu angelazimika kufika kwenye namba tasa ya 169 ndipo aipate 1,009. Kwa 1,000,009 mambo hugeuka: Fermat angeanzia 1,001 na kupanda hadi 1,853, yaani hatua 853, ilhali kugawanya kwa zamu kulihitaji migawanyo 62 tu.

Kwa hiyo kugawanya kwa zamu hufaa vigawo vinapokuwa vidogo, na njia ya Fermat hufaa vigawo viwili vinapokaribiana. Kwa kuwa hujui mapema uko katika hali ipi, ushauri wangu ni kufanya hatua chache za Fermat, kumi au ishirini hivi, kisha kuziacha kabisa ikiwa hazijazaa kitu. Kuendelea nazo kwa matumaini ni kosa, kwa sababu kigawo kidogo kikiwepo kitakuwa mbali sana na mahali unapotafuta. Jambo hili lina uzito hata nje ya mazoezi ya hesabu: anayetengeneza ufunguo wa siri kwa kuzidisha namba tasa mbili zinazokaribiana mno huwa amemkabidhi mpinzani wake kazi ya hatua chache, hata kama zao lina mamia ya tarakimu.

Umbo la namba linapobadilisha uamuzi

Kabla ya kuziacha njia za zamani, ni muhimu kuangalia kama namba yako ina umbo maalumu, kwa maana umbo huweza kupunguza kazi kuliko kompyuta yenye nguvu. Fermat aliamini kwamba 2³² + 1, yaani 4,294,967,297, ni tasa. Mwaka 1732 Leonhard Euler alionyesha kwamba sivyo, na hakujaribu kila namba tasa. Alitambua kwamba kigawo chochote tasa cha namba hiyo lazima kiache baki la 1 kinapogawanywa kwa 64. Namba tasa za namna hiyo kwa mpangilio ni 193, 257, 449, 577 na 641, na ya tano ndiyo iliyoigawanya: 641 × 6,700,417. Bila ujuzi huo, 641 ni namba tasa ya 116. Migawanyo mitano badala ya 116 ni faida iliyotokana na fikra peke yake.

Namba yetu 1,000,009 nayo ina historia ya namna hiyo. Euler aliwahi kuihesabu miongoni mwa namba tasa, kisha akagundua kwamba inaweza kuandikwa kuwa jumla ya miraba miwili kwa njia mbili tofauti: 1,000² + 3², na pia 235² + 972². Namba tasa haiwezi kuandikwa hivyo kwa zaidi ya njia moja, kwa hiyo hukumu ilikuwa wazi. Uzuri wa njia hii ni kwamba, tofauti na ile ya Lucas, hutoa hata vigawo. Tofauti kati ya 1,000 na 972 ni 28, na kati ya 235 na 3 ni 232. Kigawo kikubwa cha shirika cha 28 na 232 ni 4, na ukigawanya kwa hicho unapata 7 na 58. Jumlisha 7² na 58² upate 3,413. Ni njia ya kupendeza, lakini haifai kuwa chaguo la kawaida, kwa sababu si kila namba ni jumla ya miraba miwili, na kuzitafuta hizo jozi mbili si kazi ndogo.

Njia ya rho ya Pollard

Kigawo kidogo kinapokuwa na tarakimu nane au zaidi, kugawanya kwa zamu huanza kuchosha hata mashine, na hapo njia iliyochapishwa na John Pollard mwaka 1975 huchukua nafasi. Unachagua kanuni rahisi, kwa mfano kuzidisha namba kwa yenyewe na kuongeza 1, unachukua baki baada ya kugawanya kwa namba unayoichunguza, kisha unaitumia kanuni ileile juu ya jibu hilo, tena na tena. Mfuatano huo hatimaye lazima ujirudie, lakini ukitazamwa kwa mabaki ya kigawo kilichofichika hujirudia mapema zaidi. Kwa 293, ukianzia 2, mabaki ni 2, 5, 26, 91, 78, 225, 230, 161, 138, 0, 1, na kisha 2 tena. Bila shaka 293 huijui bado. Ndiyo maana unaendesha mifuatano miwili, mmoja ukienda hatua moja na mwingine hatua mbili kwa kila mzunguko, huku ukitafuta kigawo kikubwa cha shirika kati ya tofauti yake na namba nzima. Kwa 1,000,009, katika mzunguko wa 11 kigawo hicho kinatokea kuwa 293.

Mizunguko 11 dhidi ya migawanyo 62 huonekana kuwa ushindi mkubwa, lakini hesabu ya haki lazima ikumbuke kwamba kila mzunguko una mizidisho mitatu na utafutaji mmoja wa kigawo cha shirika, ambao nao ni mfululizo wa migawanyo. Kwa namba ya tarakimu saba faida karibu haipo. Faida huja baadaye, kwa sababu mizunguko hukua takriban kama kipeuo cha pili cha kigawo kidogo, ilhali kugawanya kwa zamu hukua karibu sawa na kigawo chenyewe. Mwaka 1980 Richard Brent na Pollard walitumia toleo la njia hii kupata kigawo cha 2²⁵⁶ + 1, namba yenye tarakimu 78. Kigawo hicho ni 1,238,926,361,552,897, na hakuna mtu angekifikia kwa kugawanya kwa zamu.

Sharti moja lisisahauliwe: usiiendeshe njia hii juu ya namba ambayo hujapima utasa wake. Ikiwa namba ni tasa, mfuatano utazunguka bila kutoa kigawo chochote, nawe hutajua kama ni bahati mbaya au ni kwa sababu hakuna cha kutafuta.

Kupima utasa: Fermat dhidi ya Miller na Rabin

Hapa ndipo mahali ambapo uchaguzi mbaya hufanywa mara nyingi zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo. Fermat alieleza mwaka 1640 kwamba ikiwa p ni tasa, na a haigawanyiki kwa p, basi a ikipandishwa kwa kipeo cha p − 1 na kugawanywa kwa p huacha baki la 1. Ukipata baki jingine, namba si tasa, bila ubishi. Gharama ni ndogo kwa namna ya kushangaza: kwa 1,000,009 kipeo ni 1,000,008, lakini kwa kuzidisha namba kwa yenyewe mfululizo unahitaji mizidisho 19 ya namna hiyo, ukiongeza mara mbili pale inapohitajika, na 2 inatosha kuifichua kwamba si tasa. Namba yenye tarakimu mia tatu huhitaji takriban mizidisho elfu moja tu.

Udhaifu upo upande wa pili. Baki likiwa 1, namba inaweza kuwa tasa au isiwe. Kwa 341, ambayo ni 11 × 31, 2¹⁰ ni 1,024, yaani mara tatu ya 341 na 1 zaidi, kwa hiyo 2³⁴⁰ huacha baki la 1 na jaribio linadanganyika. Mtu anaweza kujibu kwamba tubadilishe msingi, tutumie 3 badala ya 2, na kwa 341 hilo lingesaidia. Lakini 561, ambayo ni 3 × 11 × 17, hulidanganya jaribio kwa kila msingi usio na kigawo cha shirika nayo isipokuwa 1. Namba za aina hii huitwa namba za Carmichael, na mwaka 1994 Alford, Granville na Pomerance walithibitisha kwamba hazina mwisho. Kwa sababu hiyo siwezi kumshauri mtu yeyote atumie jaribio la Fermat peke yake panapohitajika uhakika.

Jaribio la Miller na Rabin, lililotokana na kazi zao za mwaka 1976 na 1980, hufanya kazi ileile kwa gharama ileile, lakini huangalia njiani badala ya mwisho tu. Msingi wake ni kwamba, kwa namba tasa, kipeuo cha pili cha 1 ni 1 au hasi 1 (yaani baki lililo pungufu kwa 1 kuliko namba yenyewe), na hakuna kingine. Kwa 341, kipeo 340 ni 4 × 85. 2⁸⁵ huacha baki la 32, na 32 ikizidishwa kwa yenyewe huacha 1. Kwa hiyo 32 ni kipeuo cha 1 ambacho si 1 wala hasi 1, na uongo umefichuka. Zaidi ya hayo, 32 toa 1 ni 31, na 32 jumlisha 1 ni 33, ambayo kigawo chake cha shirika na 341 ni 11. Vigawo vyote viwili vimejitokeza vyenyewe. Kwa 561 mabaki yanayofuatana ni 263, 166, 67 na 1, na 67 ndiyo inayoisaliti.

Kwa namba yoyote witiri isiyo tasa inayozidi 9, si zaidi ya robo ya misingi inayoweza kudanganyika na jaribio hili. Ukichagua misingi 20 kwa nasibu, uwezekano wa namba hiyo kupita yote hauzidi moja katika 4²⁰, ambayo ni zaidi ya trilioni moja. Neno la kushikilia hapo ni nasibu. Anayetumia misingi michache isiyobadilika anaweza kunaswa: 3,215,031,751 si tasa, na hata hivyo hupita kwa misingi 2, 3, 5 na 7 yote. Kwa upande mwingine, kwa namba zilizo chini ya 2⁶⁴ imethibitishwa kwamba namba tasa 12 za kwanza, kuanzia 2 hadi 37, zikitumika kuwa misingi, hutoa jibu la hakika kabisa. Mpaka huo unafika tarakimu 19 na kuingia za 20, na kwa namba zilizo ndani yake sioni sababu ya kutumia kitu kingine.

Uthibitisho dhidi ya uwezekano mkubwa

Kuna wanaohitaji uthibitisho, si uwezekano hata uwe mkubwa kiasi gani. Mwaka 2002 Manindra Agrawal, Neeraj Kayal na Nitin Saxena wa Kanpur, India, walitoa njia ambayo huthibitisha utasa wa namba yoyote kwa muda unaokua kwa kiasi kinachovumilika kadiri tarakimu zinavyoongezeka, bila kutegemea nasibu wala dhana isiyothibitishwa. Ni mafanikio makubwa ya nadharia, lakini katika utendaji ni ya polepole, na wanaothibitisha namba zenye maelfu ya tarakimu hutumia njia ya mikunjo ya eliptiki, yaani hesabu za nukta zilizo kwenye mikunjo ya mlinganyo wa kipeo cha tatu, ambayo hutoa cheti, yaani rekodi ya uthibitisho, ambacho mtu mwingine anaweza kukikagua kwa muda mfupi.

Namba zenye umbo la 2ᵖ − 1 ziko peke yake, kwa kuwa jaribio la Lucas na Lehmer huzithibitisha kwa wepesi usio na mfano. Unaanza na 4, unaizidisha kwa yenyewe na kutoa 2, unachukua baki, na kurudia mara p − 2. Kwa 127, ambayo ni 2⁷ − 1, mabaki ni 14, 67, 42, 111 na 0, na hiyo sifuri ya mwisho ndiyo uthibitisho. Ndiyo maana namba tasa kubwa kuliko zote zilizotangazwa hadi mwaka 2024, 2¹³⁶²⁷⁹⁸⁴¹ − 1 yenye tarakimu 41,024,320, ni ya umbo hilo.

Kuchagua kwa kufuata ukubwa

Kwa namba isiyozidi tarakimu kumi na mbili, gawanya kwa zamu, ukitanguliza vigezo vya haraka na hatua chache za Fermat. Utapata majibu ya maswali yote mawili kwa pamoja. Kati ya hapo na tarakimu 19, pima utasa kwa misingi ile 12, na ikiwa si tasa, ondoa vigawo vidogo kwa kugawanya kisha umalizie kwa rho. Kuanzia tarakimu 20 hadi karibu 100, rho ikishindwa, hamia kwenye mikunjo ya eliptiki, ambayo Hendrik Lenstra aliitumia kutafuta vigawo vyenye makumi ya tarakimu, au kwenye ungo wa miraba wa Carl Pomerance, njia inayochuja namba nyingi ili kupata tofauti ya miraba, ambao hauogopi vigawo vinavyolingana kwa ukubwa.

Juu ya hapo, uamuzi hutegemea kabisa swali. Ikiwa unataka kujua utasa tu, Miller na Rabin watakujibu kwa namba ya tarakimu 600 kabla hujapumua mara nyingi. Ikiwa unataka vigawo, na namba ni zao la namba tasa mbili kubwa zilizochaguliwa vizuri, njia bora inayojulikana ni ungo wa nyuga za namba, na gharama yake ni kubwa: namba ya majaribio iitwayo RSA-250 (RSA ni mfumo wa funguo za siri unaotegemea ugumu wa kutafuta vigawo), yenye tarakimu 250, ilivunjwa Februari 2020 kwa kazi inayolingana na kiini kimoja cha prosesa kufanya kazi takriban miaka 2,700. Funguo za RSA za biti 2,048 zinazotumika leo zina tarakimu 617, na kwa hizo ungo huo hautoshi. Atakayekutana na namba ya namna hiyo apime utasa wake, ajaribu vigawo vidogo na hatua chache za Fermat, kisha asimame hapo.